Kiyoyozi cha hoteli na ukungu kwenye lenzi

Umekuja Mombasa kwa semina ya siku mbili, una asubuhi moja tu. Saa kumi na moja na nusu uko ufukweni, unatoa kamera, lenzi nyeupe pe! Unafuta kwa pindo la shati, sekunde chache ukungu umerudi, maana kioo bado kina baridi ya chumba cha nyuzi 18 na hewa ya pwani imejaa unyevu. Tena shati lina chumvi na mchanga. Hapo unakwaruza lenzi.

Jua nalo halikusubiri. Karibu na ikweta hupanda wima, zile rangi nzuri ni kama dakika 20 hivi, basi.

Kamera ilale kwenye chombo cha plastiki chenye mfuniko unaobana (mifuko ya plastiki Kenya ilipigwa marufuku 2017, usijitafutie makubwa). Nusu saa au zaidi kabla ya kutoka, zima kiyoyozi, fungua dirisha. Chombo usikifungue mpaka kiache ubaridi mkononi. Simu nayo ni hivyo hivyo. Tripodi (stendi ya miguu mitatu) si lazima: egemeza kwenye kandambili, weka kipima muda sekunde 2.

Ila mwenzako wa chumba akiwasha tena kiyoyozi usiku, shauri yako.