Kituo cha Farringdon na Deni la Wapangaji wa Clerkenwell

Historia ya reli ya chini ya ardhi ya London ikisimuliwa, sifa huwaendea wahandisi. Wanazistahili. Ila kwa Farringdon mimi humtanguliza mwanasheria: Charles Pearson, wakili wa Jiji la London, yaani mamlaka ya eneo la kale la katikati ya London.

Pearson aliwaona vibarua na mafundi wamerundikana kwenye vichochoro vya bonde la mto Fleet, familia nzima chumba kimoja. Walilazimika kulala karibu na kazi, maana usafiri wao ulikuwa miguu. Akashikilia kwamba wakipata treni ya nauli nafuu wataweza kuishi nje ya mji, penye hewa safi, na bado wawahi kazini. Alilipigania jambo hilo miaka mingi, hadi Jiji likakubali kununua hisa za kampuni ya reli. Alifariki Septemba 1862. Tarehe 10 Januari 1863 treni za kwanza zikabeba abiria kati ya Paddington na Farringdon, umbali wa kilomita kama 6. Siku hiyo walisafiri watu wapatao 38,000.

Ujenzi wenyewe ndio unaonisumbua. Sehemu kubwa ya reli hiyo ilikuwa mtaro uliochimbwa kutoka juu, ukajengewa kuta na tao la matofali, kisha ukafukiwa. Palipokuwa na barabara, barabara ilifumuliwa. Palipokuwa na nyumba za maskini, kama huko Clerkenwell, mtaa wa jirani na Farringdon, nyumba zilivunjwa. Mwenye nyumba alilipwa; mpangaji wa wiki kwa wiki alikusanya vyombo vyake na wanawe akaenda kujibana mtaa wa jirani, bila fidia. Wale wale waliotetewa na Pearson ndio waliotangulia kuumia. Vitabu husimulia kwa kirefu jinsi mfereji wa majitaka wa Fleet ulivyopasuka Juni 1862 na kufurika kwenye machimbo. Wapangaji hupewa sentensi moja, wakibahatika.

Nikiri haki ya kampuni ya Metropolitan, iliyojenga reli hiyo: mwaka 1864 ilianzisha treni za alfajiri za wafanyakazi kwa nauli ya chini, kabla sheria ya 1883 haijazibana kampuni za reli zifanye hivyo. Wazo la Pearson halikufa naye.

Kituo kiliendelea kukua. Handaki la Snow Hill, lililoanza 1866 kuunganisha reli za kaskazini na kusini mwa London, lilifungiwa abiria mwaka 1916, likafufuliwa 1988 kwa ajili ya Thameslink, treni zinazovuka London kutoka kaskazini hadi kusini. Elizabeth line, reli mpya inayovuka London kutoka mashariki hadi magharibi, ikafika Mei 2022. Wakati wa kuichimba, jirani na kituo, kwenye uwanja wa Charterhouse, ilifukuliwa mifupa ya watu 25 kutoka makaburi ya enzi za tauni ya karne ya 14. Wanasayansi wakapima meno yao, wakatambua vijidudu vya tauni na hata vyakula walivyokula. Kazi ya heshima kabisa, na ndiyo sababu nauliza: wapangaji wa miaka ya 1860, ambao wako karibu nasi zaidi, mbona hawatafutwi kwa bidii hiyo?

Leo treni za Farringdon zinakufikisha moja kwa moja viwanja vya ndege vya Heathrow na Gatwick, na hadi jirani na kile cha Luton. Mimi nataka takwimu nyingine itangazwe sambamba na idadi ya wasafiri: mfagiaji wa ofisi za Jiji, anayeingia kazini kabla ya mapambazuko, nauli inakula kiasi gani cha mshahara wake?