Makubazi Yasiyovulika

Makubazi ya Idi nilinunua Darajani: ya ngozi, yamenakshiwa, yananuka gundi mpaka nje ya mfuko. Nikashinda nayo Mnazi Mmoja kwenye sikukuu, jua linawaka, miguu inavuja jasho, nami natembea kwa maringo.

Usiku shwari. Kesho yake jioni miguu ikaanza kuwasha. Kesho kutwa imevimba, na malengelenge madogo madogo yenye maji yamejipanga pale pale ilipopita mikanda, mpaka kwenye gidamu kati ya vidole. Niko pekupeku, lakini ukinitazama kwa mbali unaapa nimevaa.

Na mzee mmoja aliapa kweli. Naingia msikitini adhuhuri, akanipigia ukelele:

"We kijana! Vua makubazi!"

"Sheikh, sikuvaa."

"Hukuvaa, na mimi nayaona? Tena mekundu!"

Akaweka miwani sawa, akainama, akagusa kwa kidole. "Subhanallah!" Safu nzima ikageuka kutazama miguu yangu.

Nyumbani mama mkwe akasema zongo hilo, watu wamenitazama kwa husuda. Nikanywa kombe, maji yaliyooshea aya za Kurani. Jirani yetu, ambaye kwake kila maradhi dawa yake plasta, akanibandika mbili tatu. Zilipotoka, makubazi yangu yakawa na viraka.

Daktari wa ngozi alicheka kwanza. Kumbe gundi ya viatu mara nyingi ina rezini, kitu cha kunata kinachotengenezwa kwa fenoli na fomaldehaidi. Mwili ukishaikataa, kwa kawaida ni maisha, tena hauonyeshi hasira papo hapo. Hungoja siku moja, mbili, ndipo ulipuke. Ndiyo maana mtu humsingizia pweza aliyemla Forodhani. Na baadhi ya plasta gundi yake ina rezini hiyo hiyo, au utomvu wa msonobari. Jirani alinipalia makaa, Mungu amsamehe.

Sasa, kuhakikisha kama gundi inanidhuru, nikabandikwa mgongoni vidude vyenye rezini hiyo na vitu vingine vya kushukiwa. Kwa gundi! Vikae saa 48, na maji marufuku. Mgongo ukawa kama bao la kete, na kwa joto la Unguja lile, mke wangu alihamia barazani na feni yake.

Vilipobanduliwa, palipowekwa rezini ya viatu pameiva pekundu. Nikamweleza mama mkwe yote: rezini, fomaldehaidi, jasho. Akasikiliza kwa makini, akatikisa kichwa.

"Haya, mwanangu, tuseme ni gundi. Na hiyo gundi nani kaitia jicho?"