Kwaya ya Sauti Nne Katika Kanisa la Armenia: Nani Mgeni?

Waarmenia wengi wa ughaibuni wanapotetea "muziki wetu wa asili" kanisani, wanachokitetea ni kazi ya mwaka 1896. Mwaka huo ndipo Makar Yekmalyan, mtunzi Mwarmenia aliyesomea muziki St. Petersburg, alipochapisha huko Leipzig nyimbo za Patarag, yaani Liturujia Takatifu, zikiwa zimepangwa kwa kwaya ya sauti tatu na nne. Kwa kanisa linalohesabu ukristo wa taifa lake tangu mwaka 301, hiyo ni juzi tu.

Uimbaji wa zamani ni wa namna nyingine kabisa. Mashemasi wachache hushikilia noti moja ya chini bila kuikatiza, na mwimbaji mmoja hupanda juu yake, akiviringisha sauti atakavyo. Humo mna noti ambazo kinanda hakina, kwa kuwa zimekaa katikati ya vibao viwili. Ukiweka sauti nne, lazima kiongozi wa kwaya apige mapigo ili wote waende pamoja, na hapo ile mizunguko mirefu hufupishwa au kuachwa. Wanaolalamika kuhusu kwaya wana hoja, tena nzito. Si suala la kupenda vya kale tu: kuna kitu kinapotea, na sikio linakisikia.

Lakini wanaotetea kwaya nao wasipuuzwe. Zile alama za kale za kuandikia nyimbo, ziitwazo khazi, zilikuwa zimeshapoteza wasomaji wake mwanamuziki Mwarmenia Hampartsoum Limondjian alipobuni mwandiko mwingine wa muziki mwanzoni mwa karne ya 19. Kwa hiyo nyimbo ziliishi zaidi vichwani mwa walimu na wanafunzi wao. Yakaja mauaji ya kimbari ya Waarmenia ya 1915 katika Dola ya Osmani. Monasteri zikabomolewa, walimu wakauawa. Komitas, padri na mtaalamu mkubwa kuliko wote wa muziki huo, alikamatwa Aprili 24. Alinusurika, ila akili yake haikurudi sawa. Parokia changa za wakimbizi zingejifunza kwa nani? Kitabu chenye noti kilibebeka hadi Boston na Paris. Kwaya mchanganyiko pia iliwapa wanawake nafasi, na sioni sababu ya kuwarudisha kwenye viti vya nyuma.

Kinanda kinachosindikiza kwaya ndicho kinachonitatiza. Kwaya ilisaidia kuokoa kilichobaki. Kinanda kinakinyoosha, maana mwimbaji akishakizoea, sikio lake halitafuti tena zile noti za katikati.

Ningependa mipangilio ya kwaya ya Yekmalyan na ya Komitas iendelee katika Patarag ya Jumapili, na sala za asubuhi zinazoitangulia ziachiwe sauti moja, bila ala, vijana wafundishwe humo. Ugumu wake ni kwamba saa hiyo viti vingi huwa bado vitupu. Watu huingia kwaya ikiwa tayari imeanza.