Chokoleti ya trei isiyookwa: kwa joto la Pwani, pika maziwa kwanza

Mapishi mengi ya chokoleti ya trei yanayozunguka mitandaoni ni haya: yeyusha chokoleti na siagi, changanya na biskuti zilizovunjwa, mimina kwenye trei, weka friji, kata. Ni mapishi mazuri kwa jiko la Uingereza, ambako kipande kikitolewa kwenye friji hukaa mezani kutwa nzima kikiwa kile kile. Dar es Salaam, Tanga au Mombasa mwezi wa Februari, kipande hicho hakimalizi robo saa. Kinalegea, kinaacha mafuta kwenye sahani, na mtoto aliyekishika anapakaa chokoleti mpaka viwikoni. Mpishi anadhani amekosea vipimo. Hajakosea, ila mapishi aliyofuata si ya hewa yake.

Chanzo ni mafuta ya kakao. Hayo ndiyo yanayoifanya chokoleti isimame, lakini huanza kulainika kabla ya kufika nyuzi 30, na kwenye 34 hivi yote yameshakuwa maji. Ndiyo maana chokoleti nzuri huyeyuka mdomoni. Sasa jikoni kwetu wakati wa joto hewa yenyewe imeshafika 31 au 32. Trei iliyofungwa kwa chokoleti iliyoyeyushwa na siagi inashikiliwa na friji tu, na umeme ukikatika mchana mzima, unarudi kukuta uji.

Kwa hiyo naona tuache kuitegemea chokoleti iliyoyeyushwa kuwa gundi ya trei. Gundi iwe maziwa mazito ya kopo yenye sukari, yaliyopikwa pamoja na unga wa kakao na siagi mpaka yaachie sufuria. Wabrazili, ambao joto wanalijua vizuri, wana kitamu chao cha namna hii kiitwacho brigadeiro, jina lililotokana na cheo cha Eduardo Gomes aliyegombea urais mwaka 1945. Wao hukifinyanga vidonge vidogo. Sisi tukitandaze kwenye trei pamoja na biskuti na karanga. Kinachoshika hapa si mafuta peke yake, ni sukari na protini ya maziwa iliyopunguzwa maji, na hizo haziyeyuki kwa nyuzi 32. Wala si ufundi mgeni: aliyewahi kupika kashata au kusimamia sufuria ya halua, mkono wake unajua tayari mwiko unapoanza kuwa mzito maana yake nini.

Vipimo vya trei ya sentimita 20 kwa 20 ni hivi: maziwa mazito ya kopo, kopo moja la gramu 397 (yakiwa 390 hakuna tofauti), siagi gramu 100, unga wa kakao gramu 50, yaani vijiko 7 vya mezani vilivyosawazishwa, biskuti kavu za chai, zile nyembamba za Marie, gramu 350, karanga zilizokaangwa na kumenywa gramu 100, chumvi nusu kijiko cha chai, vanila kijiko kimoja cha chai. Iliki iliyosagwa, robo kijiko cha chai, mimi ningeiweka kila mara. Kakao na iliki vinapendana kuliko watu wengi wanavyojua. Juu ya hapo kuna chokoleti ya kufunika, gramu 150, ambayo nitaifikia.

Kwenye kakao usikubali kudanganyika dukani. Unga wa chokoleti ya kunywa si unga wa kakao. Geuza kopo usome viambato: sukari ikitajwa ya kwanza, unachonunua ni sukari iliyotiwa rangi, na ukiitumia hapa utapata trei tamu kupita kiasi, ya hudhurungi hafifu, na laini, kwa sababu unga wa kakao wenyewe ndio unaonyonya unyevu na kuukaza mchanganyiko. Na inauma kwamba tunanunua kakao ya makopo kutoka mbali wakati Kyela na Kilombero wanavuna, na Bundibugyo kule Uganda pia. Ukipata unga uliosagwa hapa hapa, ukiwa safi na mkavu, uchukue. Onja kwanza ncha ya kijiko, kwa kuwa mwingine huwa mkali zaidi, nao gramu 40 zinamtosha mlaji wa kawaida.

Tandika trei karatasi ya kuokea kabla ya kuwasha jiko, karatasi ipande pande mbili na kuning'inia nje ili upate pa kushika wakati wa kutoa. Foili huganda na kuchanika ndani ya kitamu. Kama huna karatasi, paka siagi mfuko safi wa plastiki wa kuwekea chakula, ukaupasue na kuutandaza, ila subiri mchanganyiko upoe kidogo kabla ya kuumwaga.

Vunja biskuti kwa mkono, usizisage. Hapa ndipo trei nyingi zinapoharibikia. Biskuti zikiwa unga mtupu zinanyonya gundi yote, na trei inakuwa kavu na kumung'unyika kama mchanga. Zikiwa vipande vikubwa zinaacha mapengo, na kisu kikipita kipande kinapasuka pale pale penye pengo. Theluthi moja iwe chenga, iliyobaki vipande vya ukubwa wa kucha ya kidole gumba. Halafu zionje. Pwani biskuti za paketi iliyofunguliwa jana zimeshavuta unyevu, nazo hazitakuwa na mkwaruzo wowote ndani ya trei. Zipashe kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, dakika tatu au nne ukizigeuza, uache zipoe kabisa. Karanga nazo ziwe zimepoa, maana zikiingia moto zinatoa mafuta.

Sasa sufuria. Iwe nzito, na moto uwe mdogo. Anayetumia mkaa auchambue mpaka ubaki kidogo na aufunike majivu. Yeyusha siagi, kisha tia unga wa kakao uliochekechwa na chumvi, ukoroge mpaka upate rojo jeusi lisilo na punje. Kakao ikitangulia kukutana na siagi, kila chembe inavishwa mafuta na haiwezi kujikusanya kuwa madonge, lakini ukiitupa ndani ya maziwa utakimbizana nayo mpaka mwisho. Ndipo umimine maziwa, na kuanzia hapo mwiko usisimame. Pita chini, pita pembeni, rudi katikati. Mwanzoni mchanganyiko unakuwa mwepesi kama uji wa mtoto. Baada ya dakika tano hivi unaanza kutoa mapovu makubwa mazito yanayopasuka polepole, na mng'ao wake unabadilika. Kati ya dakika ya nane na ya kumi, burura mwiko katikati ya sufuria: chini ionekane, na njia ikae wazi kwa kuhesabu moja mpaka tatu kabla ya kufungika. Dondosha tone ndani ya kikombe cha maji baridi. Likikusanyika ukaweza kulifinya kuwa kidonge laini, epua. Likitawanyika, ongeza dakika moja ujaribu tena. Ukipitiliza mpaka kidonge kiwe kigumu, trei itakuwa ya kutafuna kama tofi, na wazee watalalamika meno.

Moto ukiwa mkali mambo mawili hutokea. La kwanza, siagi inajitenga na kuelea juu ikimetameta. Hiyo inaokolewa: epua, tia kijiko kimoja au viwili vya mezani vya maziwa ya moto, koroga kwa nguvu mpaka irudi kuungana. La pili ni kuungua chini, na hilo halina dawa kamili. Ukiona vidoa vyeusi vinapanda, usikwangue. Hamishia sehemu ya juu kwenye sufuria nyingine uendelee, na ile iliyoshika chini iache hapo hapo, maana ladha ya maziwa yaliyoungua haifichwi na vanila.

Ukishaepua, tia vanila na iliki, kisha biskuti na karanga, uchanganye ukipandisha kutoka chini ili biskuti zisisagike. Mimina kwenye trei na ukandamize kwa chini ya glasi iliyopakwa siagi kidogo, ukianzia pembeni. Kandamiza hasa. Trei isiyokandamizwa huonekana nzuri mpaka siku ya kukatwa. Acha ipoe nje nusu saa kabla ya kufunika na chokoleti, kwa sababu mvuke unaotoka ukinaswa chini ya chokoleti unakuwa matone, na chokoleti inabanduka kama rangi ya ukuta wenye unyevu.

Kuhusu chokoleti ya kufunika, najua maoni yangu hayatawapendeza wote. Kwa joto letu, tumia ile chokoleti ya mapambo ya keki, ambayo badala ya mafuta ya kakao imetiwa mafuta ya mboga, mara nyingi ya kokwa za michikichi. Ladha yake haifikii chokoleti halisi, nakubali, na mlaji anayeijua chokoleti ataihisi. Lakini chokoleti halisi ukiiyeyusha tu na kuimwaga, kesho yake inatoa mabaka ya kijivu, kwa sababu mafuta yake yameganda ovyo. Si ukungu na haina madhara, ila haipendezi. Kuizuia kunataka uipandishe mpaka nyuzi 45 au 50, uishushe mpaka 27 au 28, uipandishe tena mpaka 31 au 32, nayo ni chokoleti nyeusi ninayoisema. Katika jiko lenye nyuzi 31 utaishushaje mpaka 27 bila kiyoyozi? Ladha ya chokoleti trei hii inaipata kwenye kakao iliyopikwa ndani, na tabaka la juu ni kifuniko chembamba tu.

Iyeyushe kwenye bakuli lililokaa juu ya sufuria yenye maji yanayochemka taratibu, chini ya bakuli pasiguse maji. Bakuli na kijiko viwe vikavu kabisa. Tone moja la maji au mvuke uliopanda pembeni linatosha kuifanya chokoleti yote ishikane ghafla kuwa donge gumu lenye chenga, kwani chembe za sukari zinalowa na kung'ang'aniana. Ikishafika hapo haifai kufunikia. Iongezee maziwa ya moto ikawe kinywaji, uanze upya na nyingine.

Ikishayeyuka, imwage juu ya trei iliyopoa na uitandaze, kisha trei ikae friji kwa saa mbili. Ndani ya muda huo, tabaka la juu likiwa limeanza kukaza lakini kidole bado kinaacha alama, chora mistari ya kukatia kwa ncha ya kisu, miraba ya sentimita 4, upate vipande 25. Ukingoja lote ligande ndipo ukate, litapasuka vipande vipande. Baadaye chovya kisu kirefu kwenye maji ya moto, kifute kikauke, kata kwa kushusha moja kwa moja, ukifute kila mara.

Nazi mbichi iliyokunwa usiitie, inachacha mapema. Ukiitaka ladha yake, ikaange kavu mpaka iwe ya kahawia, ipoe, upunguze biskuti kwa gramu 50.

Kopo la maziwa likikosekana dukani, piga pamoja maziwa ya unga kikombe kimoja, sukari theluthi mbili ya kikombe, maji yanayochemka theluthi ya kikombe na siagi vijiko 3 vya mezani, uache yapoe yakaze. Yatakuwa pungufu kidogo kuliko kopo, basi biskuti ziwe gramu 300, na siagi ya mapishi ibaki gramu 60.

Vipande vikae friji ndani ya chombo chenye mfuniko, na viliwe ndani ya wiki moja, maana baada ya hapo biskuti zinalegea. Unapovitoa, usifungue chombo papo hapo. Hewa ya Pwani ikigusa kitu cha baridi inaweka umande, na umande huo unayeyusha sukari ya juu na kuacha kunata na madoa. Acha chombo mezani kikiwa kimefungwa dakika ishirini, mfuniko ukikauka kwa nje ndipo ufungue.