Kikokotoo Kinataka Tarehe ya Kufa

Jamani, hesabu ya akiba ya uzeeni ingekuwa ya darasa la nne kama si kigawanyo. Fungu unalo. Ligawe kwa miaka iliyobaki, kula. Miaka iliyobaki mingapi? Hapo kikokotoo kinakukodolea macho, nawe unakikodolea. Andika 10 uishi 25, utazeekea kwenye simu za "nilikuwa nawasalimia tu, wanangu." Andika 40 uage baada ya 6, umejinyima bure, mkwe anachagua rangi ya gari.

Mmarekani William Bengen, mshauri wa fedha, alituonea huruma mwaka 1994. Akapekua rekodi za masoko ya kwao, akasema: mwaka wa kwanza chota asilimia 4 ya fungu, kisha kila mwaka ongeza kiasi hicho kwa kadiri bei zilivyopanda. Fungu likiwa nusu hisa nusu hatifungani (yaani mikopo unayoipa serikali au kampuni ikulipe riba), litavumilia miaka 30. Yaani uwe na matumizi ya mwaka mara 25. Lakini alipima kwa vipindi vibaya kuliko vyote! Miaka ikiwa ya kawaida, anayefuata kanuni hufa na fungu nono. Kumbe ubahili nao una fomula.

Usiseme basi nichote 8. Tuseme una 100, zote kwenye hisa, soko likaporomoka asilimia 30 mwaka wa kwanza, nawe ukachota 4 zako. Zimebaki 66, na ili zirudi 100 zinahitaji kupanda zaidi ya asilimia 51, huku wewe bado unachota. Hasara ya mwanzoni ndiyo inayoua. Ya mwishoni hukuta umeshakula. Kwa hiyo weka matumizi ya miaka miwili kwenye akaunti isiyopanda wala kushuka, soko likianguka uchote huko, hisa uziache zipumue. Miaka miwili tu, maana pesa iliyolala nayo huliwa: bei zikipanda asilimia 6 kwa mwaka, thamani yake hubaki nusu baada ya miaka 12. Mwizi hajaingia hata ndani.

Haya, warithi. Mzazi anafariki na miaka 90, mrithi ana 62, naye anatafuta fimbo ya kutembelea. Pesa aliihitaji akiwa na 30, kodi ya nyumba ikimkaba! Mpe sasa, ila mpe ziada tu: toa kwanza ya kukulisha hadi mwisho, toa ya maradhi na ya kuuguzwa (hiyo ndiyo humeza mafungu), kinachosalia ndicho cha kugawa. Na uandike kama ni zawadi, mkopo au sehemu ya urithi aliyotangulizwa. Usipoandika, siku ya kugawana kila ndugu atakuwa na kumbukumbu yake, na zote zitamfaa yeye. Nyumba unayolala usiiandikishe kwa mtoto kienyeji. Madeni yake na talaka yake vitaingia hadi chumbani kwako.

Halafu fomu! Mtu anaandika wosia mzuri, mashahidi wawili, kalamu ya heshima. Kumbe kwenye nchi nyingi pesa ya bima ya maisha, mara nyingi na ya pensheni, humfuata aliyetajwa kwenye fomu ya mnufaika, wosia useme usemavyo. Na fomu ilijazwa ukiwa na miaka 24, umependa. Ikague kila ndoa, kila talaka, kila mtoto. Madeni nayo hulipwa kabla warithi hawajagusa kitu, kwa hiyo orodhesha madeni pamoja na akaunti. Akaunti usiyomtajia mtu wanaweza wasiijue milele.

Kile kisanduku cha miaka bado kitupu. Wengi huandika miaka iliyobaki hadi umri wa 95, kisha hupiga hesabu upya kila mwaka. Basi andika ya kukufikisha 95. Ukifika huko bado unapumua, watoto watakuja, watakaa vizuri, na kwa upole kabisa watakuuliza: "Mzee, kwani uliandika ngapi?"