Acheni Kuipaka Rangi Kadibodi

Mtu anatengeneza mashine ya taipu ya ukubwa halisi kwa maboksi yaliyotumika, vitufe vyote vimo, halafu anaipaka rangi nyeusi kuanzia juu hadi chini. Kwangu hapo kazi imeharibika. Rangi inaficha ufundi, na mara nyingi imewekwa kuficha vipimo vibovu. Chris Gilmour, msanii Mwingereza aliyefanyia kazi zake Italia, ametengeneza baiskeli na hata gari la Fiat 500 la ukubwa halisi kwa kadibodi na gundi, bila rangi, na huhitaji kuambiwa ni nini.

Kinachodanganya jicho ni vipimo, na adui wa vipimo ni unene wa kadibodi yenyewe. Chukua mfano wa birika lenye kipenyo cha nje cha milimita 80, kwa kadibodi ya milimita 3. Wengi huzidisha 80 kwa 3.14 na kukata kipande cha milimita 251. Kikishafungwa, birika linakuwa pana kuliko lilivyopimwa, na mfuniko wa kuingia ndani uliokatwa kwa kipimo sahihi unapwaya. Piga hesabu katikati ya unene: 80 toa 3 ni 77, na 77 mara 3.14 ni milimita 242. Duara la kitako nalo likikaa ndani, lipunguzie unene mara mbili, libaki na milimita 74.

Kadibodi hupindika vizuri kufuata mistari ya mawimbi yake ya ndani. Ukiilazimisha upande mwingine inavunjika makunyanzi yasiyofutika. Kwa hiyo mistari isimame wima kwenye birika. Iburute kwanza juu ya ukingo wa meza, upande utakaokuwa ndani ukigusa ukingo, mpaka ianze kujikunja yenyewe.

Kingo ndizo humsaliti fundi, maana mawimbi yakionekana pembeni, jicho linaona boksi tu. Tiba iko ndani ya boksi hilohilo. Tabaka zake kwa kawaida hushikanishwa kwa gundi ya wanga, inayolainika kwa maji. Loweka kipande, bandua karatasi ya nje polepole, kisha ikaushe katikati ya mbao mbili zenye uzito juu, la sivyo itajikunja. Karatasi hiyo, ikikatwa utepe, hufunika kingo, na ikizungushwa kwenye msumari huwa waya, springi au mkono wa kifaa. Vitufe vya taipu navyo ni visahani vya karatasi hiyo vilivyobandikwa tabaka tatu.

Gundi nyeupe ya mbao ipakwe nyembamba sana. Ikizidi, maji yake yanavimbisha upande mmoja na bapa lililokuwa limenyooka linapinda usiku kucha. Gundi ya moto ni ya haraka lakini inaacha nyuzi na uvimbe kwenye maungio, kwa hiyo mimi ningeiacha ndani, pasipoonekana. Wembe wa kisu nao ubadilishwe mapema: butu haukati mawimbi, unayaponda, na ukingo ulioshapondwa haunyooki tena. Pitisha mara tatu kwa mkono mwepesi, kando ya rula ya chuma.

Na yale maandishi ya boksi, mishale na alama ya mwavuli? Yageuze ndani, au yaache. Mimi huyapenda yakibaki, mradi yasikatize umbo.