Miaka tisa nilipita kituo kile na viti vinne vitupu

Gari niliuza Septemba 2022. Mwezi uliotangulia, petroli hapa Dar ilivuka shilingi 3,400 kwa lita, na mimi natoka Tegeta kwenda Posta, katikati ya jiji, kila siku ya kazi. Nilipiga hesabu mara mbili, nikampigia simu dalali. Nilijiambia ni kwa muda tu, mambo yakikaa sawa nitanunua jingine. Mpaka leo sijanunua, napanda daladala.

Watu huniuliza kuhusu joto, kubanana na wezi wa simu. Joto lipo. Kubanana kupo, hasa jioni pale Posta, ambapo usipogeuza na gari, yaani kulipanda kabla halijafika mwisho wa safari, kiti usahau. Simu naweka kwenye pochi, pochi naikumbatia. Hayo niliyazoea baada ya wiki chache. Muda nao haukuongezeka kama nilivyohofia, maana foleni ya Mwenge haichagui gari dogo kama IST yangu wala daladala ya Kosta. Tofauti ni kwamba sasa sikanyagi breki njia nzima, na kiuno kimepona.

Kilichonikaa moyoni ni wanafunzi.

Saa kumi na mbili asubuhi, kituo cha karibu na kwangu kina watoto labda thelathini wa sare, wengine wadogo kiasi kwamba begi linawapiga kwenye magoti. Daladala ikisimama wanakimbilia mlangoni, na konda anatandaza mkono: "Denti wawili tu! Wawili!" Wawili wanapenya chini ya kwapa lake, gari inaondoka. Wengine wanarudi pembeni kusubiri. Hawalii, hawalalamiki, wamezoea, na hilo ndilo lililoniumiza kuliko yote. Kituo hicho nilikipita kwa miaka tisa, vioo vimefungwa, nikiwa peke yangu kwenye gari la viti vitano. Sikuwahi kuwaona.

Mara ya kwanza nilimfokea konda. Hakunijibu kwa jeuri. "Anti, mwanafunzi ni mia mbili. Jioni bosi anataka hesabu yake, haniulizi nimebeba nani."

Ana hoja. Tangu Desemba 2023, nauli ya mtu mzima kwa safari fupi kabisa ni shilingi 600, kwa hiyo wanafunzi watatu wanaingiza hela ya abiria mmoja. Dereva na konda wengi hawana mshahara. Wakishaweka mafuta na kupeleka hesabu, yaani kiasi anachodai mwenye gari kila siku, kinachobaki ndicho chao, na siku nyingine hakibaki kitu. Kwa utaratibu huo, kila mtoto anayepanda anakula ugali wa nyumbani kwa konda. Tumewapa watu wawili maskini mzigo wa kuwasomesha watoto wa mji mzima, halafu tunawaita makatili.

Na bosi ni nani? Tuseme ukweli: Kosta nyingi ni za watu kama sisi, wa ofisini, waliochukua mkopo wakanunua moja au mbili. Kazini kwetu wapo. Asubuhi wanakuja na magari yao, jioni hesabu inaingia kwenye simu. Ni watu wema, wanachangia harusi na misiba, lakini hawajasimama kituoni wakaona hesabu ile inavyokusanywa. Hata mimi ningekuwa na Kosta enzi zile, ningefanya vilevile.

Mabasi ya mwendokasi, yenye njia yao peke yake, yalipoanza mwaka 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, kuna jambo lilibadilika ambalo halizungumzwi vya kutosha: nauli inalipwa kituoni kabla hujapanda, kwa hiyo mlangoni hakuna mtu wa kumpima mtoto kwa macho na kumwona hasara. Barabara yetu ya Bagamoyo nayo inajengewa njia hiyo. Lakini mitaa ya ndani itaendelea kutegemea daladala, na huko ndiko watoto wanakotoka. Nataka leseni ya daladala iende na mkataba wa mshahara kwa dereva na konda, mkataba unaokaguliwa kweli. Na pengo la nauli ya mwanafunzi lijazwe na serikali kutoka kwenye kodi ya mafuta tunayolipa sote. Mwenye gari asiyetaka masharti hayo afanye biashara nyingine.

Na wenzangu wenye magari nawaomba wiki moja tu. Siyo mwezi, wiki. Pandeni asubuhi, saa za wanafunzi.

Siku hizi nikipata kiti nampakatia mtoto begi lake. Hata sisemi kitu, nanyoosha mikono tu, analiachia. Jumatatu nilipakata matatu, moja juu ya jingine. La juu lilikuwa na chapati zilizofungwa kwenye karatasi, na mpaka tunafika Lugalo nilikuwa bado nasikia joto lake kwenye mikono.